Nusu ya Kombe Niliyoificha Mzigoni

Uvumi ulisema hivi: mwaka ule mto Rufiji ulikuwa haupitishi elimu. Kijana akivuka na masomo yake kichwani, anashuka ng'ambo kichwa kitupu.

Walitajwa vijana wawili wa Bungu. Walivuka asubuhi kwenda bomani kufanya mtihani, wakaulizwa majina ya baba zao, wakabaki kutazamana.

Sikuwajua vijana hao. Sikumjua hata mtu aliyewajua. Lakini neno lile liliniingia sikioni likakataa kutoka, nikawa nalitwanga na mpunga, nalipepeta, napika nalo.

Kwa anayeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Mwatumu binti Shaabani, wa Kibiti. Ninayoyaeleza ni ya mwaka wa kwanza wa vita vya Maji Maji. Nilikwisha kueleza jinsi mume wangu Kondo alivyochukuliwa kubeba mizigo ya askari, akafia njiani upande wa Ngorongo. Tena nikaeleza jinsi habari ilivyotoka bomani, kwamba daktari wa Kidachi anataka vijana sita wanaojua kusoma, awapeleke Dar es Salaam kujifunza udaktari. Mtihani ulikuwa baada ya siku kumi na nane.

Nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja, Mfaume, miaka kumi na saba.

Kijana wa umri ule alikuwa na njia tatu. Achukuliwe na askari, abebe mizigo kama baba yake. Achukuliwe na wenye vita, anyweshwe maji yao, aambiwe risasi zitayeyuka. Au ashike cheti cha daktari, asiguswe na mtu.

Sikutaka aponye watu. Nilitaka cheti.

Wakati ule sikujua hata alifu. Darasa nne nilizo nazo nimezisoma ukubwani, baada ya haya yote. Mkiona nimekosea kuandika nisameheni. Habari yenyewe sijaikosea.

*

Aliyemfundisha Mfaume ni mdogo wangu Salumu. Alikuwa karani huko delta, kazi yake kuandika boriti za mikoko zinazopakiwa, mpaka vita vilipofunga kazi. Alijua herufi za Kizungu na hesabu za vipimo. Mfaume alikuwa amehitimu chuo cha Qur'ani, anasoma herufi za Kiarabu kama anakunywa maji, lakini za Kizungu alikuwa anazipapasa.

Siku ya kwanza Salumu alichinja mbuzi wetu wa mwisho. Nikadhani ni sadaka.

"Sadaka baadaye, dada," akasema. "Nataka mifupa."

Akaichemsha ikatakata, akaipanga mkekani. Mfaume akawa anafunga macho, anaokota mmoja, anautaja. Paja. Muundi. Ubavu. Pingili ya uti wa mgongo. Akikosea, Salumu anamgonga kidole kwa mfupa huo huo.

"Mtulinga uko wapi, mjomba?"

"Mbuzi hana mtulinga. Mshike mama yako."

Mfaume akaja nilipokuwa nachambua mchele, akanishika mfupa wa chini ya shingo, akaufuata kwa kidole mpaka begani. Mikono yake ilikuwa inanuka mafuta ya mbuzi.

"Mama una mtulinga mwembamba."

"Niache nichambue."

Siku ya nne wakaazima mizani ndogo ya mfua fedha. Wakapima chumvi. Gramu tano za kwinini, wagonjwa kumi, kila mmoja anapata ngapi. Nusu. Na wakiwa wagonjwa kumi na wawili? Hapo Mfaume akawa anakuna kichwa, na Salumu anasema, "Wagonjwa wako wanakufa, daktari. Huyo wa kwanza amekwisha kufa. Huyo wa pili anakoroma."

Siku ya saba Mfaume alinifunga goti kwa kitambaa kama nina jeraha, nikapika nimefungwa hivyo hivyo.

Jirani yangu Mashavu akaja kuomba moto. Akasimama uani anautazama mkeka.

"Shoga, mwanao siku hizi anapiga ramli?"

"Anasoma."

"Mifupa ndiyo inayosomwa?"

"Ndiyo inayoulizwa huko bomani."

Mashavu akachukua kaa lake la moto. Kabla ya kutoka akageuka. "Haya. Bora wale wa Bungu walisoma vitabu. Nao mto uliwavua, wakafika watupu kama walivyozaliwa."

Ndivyo uvumi ulivyoingia kwangu. Kwa kaa la moto.

Nikamwambia Salumu. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, kama mto unapokonya elimu, mimi nimeuvuka mara mia. Mbona bado najua deni la kila Mhindi?"

Nikamwambia Mfaume. Akasema, "Mama, nina siku kumi na moja. Usinipunguzie."

Basi nikanyamaza. Lakini kunyamaza si kusahau.

*

Siku ya kumi na tano nilikwenda kwa Mwalimu Ussi.

Msidhani nawaletea mzee wa ndevu nyeupe. Mwalimu Ussi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwoga wa mvua, mwenye wake wawili wasiosemezana, na yeye katikati anapeleka salamu. Ndiye aliyemfundisha Mfaume Qur'ani tangu ana miaka sita.

Nikamwomba amwandikie mtoto kombe. Kwetu ni jambo la kawaida: mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huziosha kwa maji na marashi, na mwenye shida hunywa. Mwenye homa hunywa, mwenye mimba hunywa, mtoto anayehitimu chuo hunywa. Mimi mwenyewe nimekunywa makombe yasiyo na hesabu.

Mwalimu akatazama mlango.

"Mwaka huu sitoi maji, mama Mfaume."

"Haya si maji, ni kombe."

"Wewe unajua. Mimi najua. Askari anaona maji. Wameshanyongwa watu kwa kugawa maji."

"Mwalimu, mtoto huyu ni wako pia. Ni siku tatu zimebaki."

Ndani, mke mkubwa akamwita, hakuitika. Kisha akachukua sahani.

Aliandika polepole, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto. Akaosha. Maji yakawa ya manjano.

"Sikiliza," akasema. "Anywe leo, kabla ya alasiri, nyumbani kwako, mlango umefungwa. Anywe yote. Sahani uniletee kavu."

Nikasema, "Yote."

Nikaifunika kwa ukaya wangu wa kichwani, nikatembea nayo nyumbani kama nimebeba yai.

Mfaume alikuwa na mifupa yake. "Mama, wataniuliza mbavu, hawataniuliza Yasini."

"Kunywa."

Akanywa. "Imekolea marashi." Akafika nusu, nikaichukua sahani mikononi mwake.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Soma."

Nusu iliyobaki niliimimina katika chupa ya marashi tupu, nikaiziba kwa kitambaa. Nikaona hivi: kama mto unavua, basi na uvue hiyo nusu aliyokunywa huku. Akifika ng'ambo, asubuhi ya mtihani, nitamnywesha hii ya pili, na elimu itamrudia.

Nilipanga hivyo kwa akili yangu timamu. Sikulewa, sikushauriwa na mtu.

Nikapeleka sahani kavu.

"Amekunywa yote?" Mwalimu akauliza.

"Yote."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukalegea.

*

Tuliondoka Kibiti watu watatu, Mfaume, Salumu na mimi. Mzigo wa Mfaume niliufunga mwenyewe: kanzu moja safi, mizani, mifupa ndani ya kipande cha kaniki. Chupa niliiviringisha ndani ya kanzu, kwenye mkono. Sikumwambia yeye, sikumwambia Salumu.

Njia nzima Salumu alikuwa anamuuliza, naye anajibu. Mfupa wa goti? Kilegesambwa. Kidonda kinaoshwa vipi? Kutoka ndani kwenda nje. Wagonjwa kumi na wawili? Akajibu bila kukuna kichwa. Salumu akasema, "Leo wamepona wote, daktari."

Kivukoni, asubuhi ya mtihani, palikuwa na askari wanapekua. Mkubwa wao alikuwa ombasha mmoja Msudani, mtu mzima, sauti ya chini.

Salumu akatoa barua ya mwito wa mtihani. Ombasha akaishika juu chini, akamrudishia.

"Fungua mzigo."

Wakakuta mifupa. Askari wakacheka. "Huyu alikula mbuzi njiani, akabakiza ya kesho."

Wakakuta mizani. Bado wanacheka.

Kisha askari mmoja akaikung'uta kanzu.

Chupa haikuvunjika. Mara nyingi nimefikiri, kama ingevunjika tu. Ilianguka mchangani, ikajiviringisha kidogo, ikatulia miguuni mwa ombasha.

Hapakuwa na aliyecheka tena.

"Mifupa," ombasha akasema. "Mizani. Na maji ya manjano. Ya nani?"

Mfaume akasema, "Mimi sina maji."

"Yametoka kwenye kanzu yako."

"Basi sijui."

"Ni yangu," nikasema.

Ombasha hata hakunitazama. "Kila mama hapa leo amesema ni yake. Wewe ni wa nne."

Salumu akatangulia mbele. "Ombasha, sisi Waislamu, na wewe Mwislamu. Nusa. Zafarani na marashi. Hilo ni kombe, la mtihani."

Ombasha akanusa. Nikaona amelijua. Nawaambia kweli, nililiona usoni pake kwamba amelijua.

"Kombe hunywewa nyumbani," akasema. "Sahani hukauka hapo hapo. Maji yanayotembea mwaka huu ni ya namna moja."

Wakamfunga Mfaume mikono. Alipokuwa anafungwa alinigeukia. Hakuuliza kitu. Alikuwa anahesabu: zafarani, sahani, ile nusu. Nikaona hesabu imetimia.

Tukavuka mto. Sikuutazama.

*

Uwanja wa boma ulikuwa na jua la saa nne. Vijana saba wamekaa chini safu moja, kila mmoja na ubao wake. Daktari wa Kidachi ameketi kwenye kiti cha turubai. Mtihani ulikuwa umekwisha kuanza.

Mfaume akawekwa kando, juani, mikono nyuma.

Salumu akaenda moja kwa moja kwa mkalimani. Mkalimani huyo aliitwa Khamisi, mtu wa mwambao, kofia ya kushonwa kwa mkono, maneno laini. Salumu akampa barua. Khamisi akamsomea daktari. Daktari akatazama mzigo, akaona mifupa, akainuka.

Akaja kusimama mbele ya Mfaume. Akaokota mfupa mmoja mchangani.

"Anauliza huu ni nini," Khamisi akasema.

"Muundi."

"Huu?"

"Pingili ya shingo. Ya pili au ya tatu, za mbuzi zinafanana."

Daktari akajigusa chini ya shingo yake mwenyewe.

"Mtulinga. Lakini humo hamna, mbuzi hana."

Khamisi akafasiri. Daktari akacheka, kicheko kifupi. Akauliza kwinini, akauliza kidonda, akampa karatasi asome herufi za Kizungu. Mikono imefungwa, basi Salumu akamshikia. Mfaume akasoma mistari sita bila kukwama.

Vijana saba walikuwa wameacha kuandika, wanamtazama yeye.

Daktari akasema maneno mengi kwa bwana mkubwa wa boma, aliyekuwa amesimama kivulini na ile chupa mkononi. Bwana mkubwa akajibu maneno machache.

Khamisi akanijia. Akachutama mbele yangu, kwa adabu.

"Mama, mwanao amepita. Daktari anamtaka. Ametaka hata afunguliwe sasa."

Sikusikia furaha. Nilisikia kama mtu amenitua mzigo, na mwingine amesimama nyuma yake ameshika mzigo mwingine.

"Lakini bwana mkubwa anasema maji yana mwenyewe. Kijana atafunguliwa likipatikana jina la aliyeyatoa. Lisipopatikana, mwenye maji ni kijana."

"Ni kombe," nikasema. "Ni Qur'ani. Aliyeandika hana vita na mtu, ni mwalimu wa watoto, alinikataza, aliniambia yanywewe yote nyumbani, mimi ndiye niliyeyagawa, mimi ndiye niliyeficha, mtoto hajui."

"Mama. Mimi nimelelewa kwa kombe. Nikianza kumweleza Mdachi kombe tutakaa hapa mpaka Idi. Anataka jina."

Nikamtazama Mfaume. Kamba ilikuwa imemwachia alama nyeupe mkononi. Nikafikiri juu ya cheti. Nikafikiri juu ya baba yake njiani Ngorongo, ambaye hata pa kumzika sikupaona.

"Mwalimu Ussi," nikasema. "Wa Kibiti."

Halafu nikasema mengine mengi. Nikasema ni mtu mwema, nikasema mwoga, nikasema ana wake wawili na watoto wa chuo. Nilisema muda mrefu. Khamisi akainuka, akageuka, akamwambia bwana mkubwa maneno mawili. Niliyasikia. Lilikuwa jina la mwalimu na jina la mji wetu.

Karani akaandika.

Wakamfungua mwanangu.

*

Cheti kilikuwa karatasi ya rangi ya maziwa, na mhuri. Daktari mwenyewe alimpa. Mashua ilikuwa inawangoja vijana sita baada ya adhuhuri, iwapeleke delta, wapande meli.

Wakati huo huo ombasha alikuwa anahesabu askari wanne wa kwenda Kibiti.

Mfaume akaja tulipokaa, Salumu na mimi, ukutani. Alikuwa ameshika cheti kwa ncha za vidole, kisichafuke.

"Mama, umetaja nani?"

Salumu akaangalia upande mwingine.

"Mwalimu Ussi," nikasema.

Akakaa chini. Askari wanne walikuwa wanajaza vibuyu vyao maji ya njiani.

"Watafika saa ngapi?" akamuuliza Salumu.

"Wakienda mwendo wao, kesho adhuhuri."

"Mwalimu atakuwa anasomesha."

"Ndiyo."

"Atadhani wamekuja kuomba maji ya kunywa. Atawatolea mtungi."

Akainuka. Nikadhani anakwenda mtoni, kwani vijana wengine walikuwa wanateremka na vifurushi vyao, na mmoja alikuwa anamwita kwa mkono. Akampa mjomba wake cheti. Akakikunja kwanza, mara mbili, vizuri.

Kisha akaenda kinyume, mlangoni kwa bwana mkubwa. Khamisi alikuwa amesimama hapo.

"Umesahau nini, daktari?" Khamisi akamtania.

"Mwambie bwana mama yangu amesema uongo, ameogopa. Maji ni yangu. Niliyaandika mwenyewe. Nimehitimu chuo, najua kuandika kombe. Waite askari warudi."

Khamisi akanitazama mimi kwa mbali. Nikatikisa kichwa: usiseme. Nilikitikisa mpaka ukaya ukaniteleza.

Akageuka ndani. Na safari hii akafasiri yote, neno kwa neno.

*

Siwezi kuandika zaidi ya hapo wiki hii. Naacha haya kwa mwenye mtoto anayejiandaa na mtihani wa udaktari, au mtihani wowote, na siku zimemwishia. Ajiepushe na haya:

Kusikiliza habari ya watoto wa watu asiowajua.

Kumfungia mtoto mzigo bila ya yeye mwenyewe kuuona.

Kugawa kitu alichoambiwa kitumike chote.

Kumjibu mwalimu "yote" wakati si yote.

Kumweleza mkalimani mambo marefu. Neno moja katika hayo ndilo litakalofika, na msemaji hachagui ni lipi.

Kutaja jina la mtu ambaye hayupo kujisemea.

Kumwambia mtoto, "Nimefanya kwa ajili yako." Mimi nilimwambia, pale ukutani, kabla hajainuka.